Sinia la Asiyekuwepo

Saa kumi na robo alasiri, Ijumaa, mvua ikiwa bado haijaamua kama inyeshe au iache, Inspekta Kayano Tetsuji aliingia Kichochoro cha Kisima akiwa na postikadi moja mfukoni na mwavuli asioweza kuufungua. Upana wa kichochoro haukuruhusu. Watu wawili wakikutana pale, mmoja hugeuka ubavu na mwingine huomba radhi, na wakiwa wanafahamiana wote wawili huishia ndani ya baa iliyo karibu.

Taa za karatasi zilikuwa zimekwisha washwa, maana Novemba jua huaga mapema. Moshi wa mkaa ulitambaa chini ya mapaa ya mabati, ukachanganyika na mvuke wa figili zinazochemka taratibu tangu asubuhi. Juu yake, kwenye daraja la reli, treni ilipita, na kutoka kila mlango zikasikika bilauri zikitetemeka rafuni. Kayano alisimama mpaka mtetemo ukaisha. Hakuwahi kufika hapa maishani, lakini miguu yake ilikuwa inakwenda kama ya mtu anayerudi nyumbani, na jambo hilo halikumfurahisha. Mpelelezi anayeanza kuota ndoto kazini huwa hachelewi kukosea.

Mwisho wa kichochoro, ubao wa manispaa ulisema yote yangebomolewa baada ya tarehe thelathini. Mtu alikuwa ameufunika nusu kwa tangazo la supu ya maini.

Aliisoma ile postikadi kwa mara ya kumi. "Baa ya Suzume inafungwa tarehe thelathini. Chupa yako bado ina robo. Tafadhali njoo uimalize." Ilikuwa imeandikwa kwa brashi, wima, kwa adabu, na ilitumwa kwa Wakui Kenzaburo, fundi wa kupanga sauti za piano, ambaye hakuonekana nyumbani kwake kwa miaka saba.

Jalada la Wakui lilikuwa jembamba. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kufa bila yeye kumwambia mtu. Usiku mmoja, ukumbini, mbele ya watu mia nne, mpiga piano alisimama katikati ya wimbo akasema chombo hakikupangwa sawa. Kesho yake asubuhi Wakui alitoka na mkoba wake wa kazi, na ikawa ndiyo basi.

Binti yake, Chigusa, ndiye aliyeileta kadi kituoni asubuhi hiyo. Baba alipoondoka, yeye Chigusa alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na kumi na tisa, mama yake amefariki, na amebaki na baba mdogo mwenye haraka.

"Jumatatu saa nne niko mahakama ya familia, Afande," alisema. "Miaka saba imetimia. Baba mdogo ameshaandaa karatasi. Zinasubiri mhuri wangu tu, baba aandikwe amekufa."

"Na mwandiko huu ni wake?"

"Hapana. Baba aliandika kwa kalamu, mkono wa kushoto, kama mimi. Herufi zake zililala. Hizi zimesimama." Aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Nikipiga mhuri ule na yeye yupo mahali anakunywa chai, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nitafutie, Afande. Nataka kujua tu."

Kayano alimwacha kwenye mgahawa wa kahawa mkabala na stesheni. Alimwambia asitoke pale mpaka apigiwe simu.

Kwenye kibanda cha kwanza, mwanamke aliyekuwa anapepea mkaa hakuinua hata kichwa.

"Suzume? Nenda moja kwa moja, kisha kushoto."

"Kushoto ni ukuta, dada."

"Basi umefika mwisho, Afande. Rudi nyumbani, mvua inakuja."

"Nani kakwambia mimi ni afande?"

"Viatu. Mlevi hapigi rangi viatu saa kumi."

Aliipata Suzume mwenyewe, mlango wa tatu kutoka kwenye kisima kilichofunikwa kwa ubao. Pazia la mlangoni lilikuwa limekunjwa ndani, dalili kwamba hapajafunguliwa. Aliusukuma mlango taratibu.

Kulikuwa na kaunta moja ya mbao na viti saba. Nyuma ya kaunta alisimama bibi wa miaka themanini hivi, mwenye aproni nyeupe na nywele zilizobanwa vizuri. Kwenye kiti cha kulia kabisa alikaa mwanamume mnene mwenye upara unaong'aa, bilauri mkononi. Redio ndogo ilikuwa inaimba wimbo wa zamani kwa sauti ya chini. Pembeni kushoto, ngazi nyembamba ya mbao ilipanda ikaingia kwenye tundu la dari.

"Hatujafungua," alisema bibi.

"Samahani, Mama. Naona huyu bwana ameshafunguliwa."

"Huyu ni Hosokai, kinyozi. Yeye si mteja, ni fanicha." Alimtazama Kayano kwa macho yaliyofifia, akakadiria sauti yake kuliko sura. "Haya, kaa. Unakunywa nini?"

"Chai. Pombe hainipendi, navimba uso."

Hosokai alicheka hadi tumbo likagonga kaunta. "Mama Tamae! Baa inakufa, Mungu katuletea mnywa chai aje kuizika!"

Kayano alikaa kiti cha katikati. Aliweka kitambulisho chake juu ya kaunta, taratibu, na kicheko kikaisha.

"Namtafuta Wakui Kenzaburo."

"Hatumjui," Mama Tamae alijibu.

"Hamumjui kwa jina hilo. Hapa mnamwitaje?"

Kayano aliinua macho kwenye rafu. Chupa zilipangwa bega kwa bega, kila moja ikiwa na kibao kidogo cha mbao kilichofungwa shingoni, na kila kibao kilikuwa na jina la utani: Teksi, Mwalimu Mnene, Bwana Jumanne, Fundi. Ya Fundi ilikuwa pombe ya viazi vitamu, imebaki robo. Haikuwa na hata chembe ya vumbi. Akanyoosha mkono.

"Usiguse kibao!" Hosokai aliinuka. "Afande, hiyo ni tabia gani? Jina lililo nyuma ya kibao halisomwi na mtu. Mimi nimekaa kiti hiki miaka ishirini na sita, sijawahi kugeuza kibao cha mwenzangu."

"Kwa nini basi mnaliandika?"

"Kuna mteja aliwahi kufia hapo hapo ulipokaa," alisema Mama Tamae. "Tulimpenda, na hatukujua tumrudishe wapi. Tangu siku hiyo, hakuna chupa bila jina na anwani. Lakini tunasoma mtu akishakufa, si kabla."

Kayano aliomba radhi, tena kwa dhati, kisha akakigeuza. Wakui Kenzaburo, na anwani ileile ya kwenye kadi. Tarehe ya kufunguliwa kwa chupa ilikuwa miaka mitano iliyopita. Miaka miwili baada ya kutoweka, mtu huyu alikuwa amekaa hapa akinywa.

"Yuko wapi?"

Mama Tamae na Hosokai walitazamana. Kinyozi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Afande, umechelewa. Fundi alifariki majira ya baridi mwaka juzi. Mapafu. Alikuwa hana mtu, tukamchoma wenyewe, majivu yako hekaluni kule nyuma ya soko la samaki. Chupa ile tunainywa sisi kidogo kidogo, kwa kumkumbuka."

"Hospitali gani?"

"Hakwenda. Alikuwa mkaidi."

"Nani aliandika cheti cha kifo?"

"Daktari mmoja mzee. Naye amekufa."

"Duh. Kila mtu amekufa," alisema Kayano, lakini aliandika.

Aliandika yote, na alipokuwa anaandika aliona jinsi mambo yalivyokuwa yanajipanga kwa urahisi. Mtu mpweke, mapafu, majivu hekaluni. Jumatatu Chigusa angepiga mhuri wake kwa amani, maana hangekuwa anaua mtu, angekuwa anamzika. Chai ilikuwa ya moto, redio inaimba, mvua imeanza kugonga bati kwa upole, na Kayano alitamani sana kuwaamini. Alifunga daftari.

Alipogeuka kuchukua mwavuli, ndipo alipoliona sinia.

Lilikuwa mbele ya kiti cha kushoto kabisa, chini ya ngazi, gizani kidogo. Bakuli la wali, supu ya miso ya soya, kipande cha samaki wa kuchoma, achari ya figili. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Kitini hapakuwa na mtu.

"Na hili la nani?"

"La Fundi," Mama Tamae alisema haraka. "Sinia la asiyekuwepo. Tunamwekea kila siku saa hizi."

Kayano alilisogelea. Mama yake mwenyewe alikuwa akimwekea baba sinia la namna hii alipokwenda kufanya kazi kaskazini, miezi sita kila mwaka, ili huko aliko asilale njaa. Alilijua vizuri. Akaanza na vijiti vya kulia chakula, vilivyolazwa mbele ya bakuli. Mezani vijiti hulazwa ncha zikitazama kushoto, mkono wa kulia uvichukue bila kuhangaika. Hivi vilitazama kulia. Viliwekewa mtu wa mashoto, akakalishwa mwisho wa kaunta upande wa kushoto ambako kiwiko chake hakitamgonga jirani.

"Wakui alikuwa mashoto," alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana," alisema Hosokai. "Umeona? Hatudanganyi."

"Lakini Bwana Hosokai, wali wa marehemu vijiti husimamishwa katikati yake. Hivi vimelazwa."

"Aa, Mama amesahau. Uzee."

"Kama ni kusahau, ni jambo dogo." Kayano alirudi kitini, akakunja mikono. "Mama, tafadhali. Visimamishe."

Mama Tamae hakusogea.

"Ni sinia la marehemu, sivyo? Visimamishe, nami nitakwenda zangu, na faili nitalifunga leo hii."

Hosokai alisema kwa sauti ndogo, "Fanya tu, Mama."

Bibi alizunguka kaunta, akivuta miguu. Aliviokota vijiti. Alivipeleka juu ya wali, mvuke ukamlowesha vidole, mkono ukasimama hapo hapo. Treni ilikuja, ikapita, bilauri zote zikaimba, na mkono ulikuwa bado hewani. Uso wa Mama Tamae ulikuwa umekunjamana kwa hofu ya kweli.

"Siwezi," alisema. "Siwezi, Afande. Usinifanye nimwitie kifo mtoto wa watu."

"Mama!" Hosokai alifumba macho.

Neno lilikuwa limeshatoka. Kayano alivichukua vile vijiti kutoka mkononi mwake, kwa upole kabisa, akavilaza kwenye kiganja chake mwenyewe. Havikufika mwisho wa vidole. Vilikuwa vyekundu, vimechorwa shomoro wawili wadogo, na upande mmoja rangi ilikuwa imetoka kwa kuumwa na meno. Vijiti vya mtoto. Mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, wa mashoto.

Wakui hakuwa anawekewa sinia. Wakui ndiye aliyekuwa akiliweka.

"Alivibeba ndani ya mkoba wa kazi," Kayano alisema. "Alitoka nyumbani na vifaa vya piano na vijiti vya mwanawe."

Kinyozi alijimiminia pombe, akaisahau.

Ndipo Kayano alipoitoa ile postikadi aliyokuwa ameificha tangu aingie. Alimpa Mama Tamae. Bibi aliisogeza puani, akaipeleka kwenye taa, akairudisha, kisha akampa Hosokai.

"Macho yangu hayasomi tena. Ni nini?"

Hosokai aliisoma, akaigeuza upande wa anwani. "Ni kadi yetu, Mama. Zile za kuwaita wenye chupa. Imekwenda… imekwenda nyumbani kwake."

"Haiwezekani! Yake hatukutuma! Tutatumaje yake?"

"Ziliandikwa na nani?" aliuliza Kayano.

Bibi alikaa kwenye kiti cha jirani, taratibu, kama mtu aliyeanza kuelewa. "Mimi sioni. Huyu kinyozi mwandiko wake wa kuku. Tulimpa Fundi vibao vyote, akae huko juu, aandike. Chupa thelathini na nane."

"Mtoto wake ameniambia baba yake aliandika kwa kushoto. Kwa kalamu, ndiyo. Lakini mtu wa umri wake shuleni brashi alishikishwa kwa mkono wa kulia, apende asipende. Binti hajawahi kuuona mwandiko huu." Kayano aliichukua kadi, akairudisha mfukoni. "Mama, nyie mmemficha miaka mitano, na mmemficha vizuri. Ila yeye alikaa na vile vibao thelathini na nane, kimoja kikiwa chake, na hakukiruka."

Alisimama. Akainua uso kuelekea kwenye tundu la dari, juu ya ngazi, ambako giza lilikuwa limetulia kuliko giza la kawaida.

"Bwana Wakui. Mimi ni Kayano, wa polisi. Nazungumza kwa sauti kubwa kwa ajili ya lile sikio lako. Hukuvunja sheria yoyote. Mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake, sina ruhusa ya kumtoa alipo, wala kumwambia mtu anaishi wapi bila yeye kukubali. Ninalotakiwa kuuliza ni moja. Niwaambie nyumbani kwamba upo, au nisiwaambie?"

Mvua ilikuwa imeamua. Ilinyesha sasa sawasawa, kichochoro chote kikawa kinasikika kwa mbali, cheko la mtu, sufuria, pepeo la mkaa, kana kwamba vyote vilikuwa vinafanyika miaka mingi iliyopita. Mama Tamae alizima redio.

Ubao wa dari ulilia. Kisha sauti ya mwanamume, kavu, isiyozoea kuongea:

"Kadi ilifika?"

"Ilifika."

"Aliisoma nani? Mama yake?"

Kayano alikuwa na miaka ishirini na nane kazini, na sentensi hii hakuwahi kuizoea. "Mkeo alifariki mwezi wa nne, Bwana Wakui. Ugonjwa. Pole sana."

Hosokai alikuwa analia waziwazi, machozi yakidondokea kwenye bilauri yake. Huko juu ubao ulilia tena, kama mtu aliyekaa ghafla.

"Aliyeisoma ni Chigusa," Kayano aliendelea. "Yuko mgahawa wa kahawa pale stesheni, dakika tano kutoka hapa. Jumatatu saa nne anatakiwa apige mhuri kwamba umekufa. Hataki, lakini hana la kuwaambia mahakamani. Nimwambie nini?"

"Atanichukia."

"Huenda. Sikuuliza hilo. Nimwambie nini?"

Treni nyingine. Bilauri zikaanza, zikaimba, zikatulia moja baada ya nyingine.

"Mwambie," ilisema sauti, ikakatika, ikaanza upya. "Mwambie chakula kinapoa."

Kayano alitoka nje kupiga simu, akasimama chini ya bati akilowa bega moja. Alitoa maelezo kwa maneno machache. Upande wa pili hakusikia kilio wala swali, alisikia tu kiti kikivutwa na mlango ukifunguliwa.

Alikuja mbio bila mwavuli. Yule mwanamke wa mkaa alimtazama mara moja, akamwelekeza kwa pepeo lake: mlango wa tatu baada ya kisima. Safari hii hakutaja kushoto.

Chigusa aliingia nywele zikichuruzika. Aliwatazama wote, bibi, kinyozi, mpelelezi, akitafuta uso usiokuwepo. Kayano alimwonyesha kiti cha mwisho. Msichana aliliona sinia. Aliviona vijiti, vimelazwa tena kama vilivyokuwa, ncha kulia, na akaweka kiganja mdomoni.

Kisha akakaa. Kiwiko chake cha kushoto kikapata nafasi yake ukingoni mwa kaunta. Alivichukua vijiti vya shomoro kwa mkono wa kushoto, vikapotea ndani ya ngumi yake, akahangaika navyo mpaka akapata tonge la wali. Alikula akilia, bila kujificha, na Mama Tamae alimwongezea supu bila kuulizwa.

Ngazi ilianza kulia. Zilishuka kwanza soksi kuukuu, kisha suruali iliyotiwa kiraka, kisha mikono yenye vidole virefu iliyoshika kila kipandio kama mtu anayeogopa kuanguka. Mzee mwenye nywele nyeupe alisimama chini ya ngazi, hatua moja kutoka kwenye kiti, na hakuthubutu kuimaliza ile hatua.

Chigusa hakumtazama usoni. Alisogea upande wa kulia wa baba yake, ili aongee na sikio lake zima.

"Ni vifupi," alisema.

"Najua," alisema Wakui. "Nilitaka kununua vingine kila mwaka. Sikujua mkono wako umefika wapi."

Msichana aliweka vijiti chini. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, kiganja wazi, vidole vimetandazwa, ili apime.

Kayano alichukua mwavuli wake akatoka. Mlangoni alilikunjua pazia, akalitundika nje.